Fomu ya Kupanda Ngazi

Jumatatu asubuhi korido ya idara ya fiziotherapia ilikuwa imefurika. Magongo yameegemezwa ukutani, wagonjwa wamebanana kwenye mabenchi, na kila mmoja anaapa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kufika. Mtaalamu alitoka na faili mkononi, koti jeupe limepigwa pasi likanyooka, hereni ndogo za fedha masikioni. Wagonjwa walimpachika jina la Chuma, kwa sababu machozi ya mtu hayajawahi kumpunguzia zoezi hata moja.

"Anayefuata! Kifundo cha mguu!"

Mwisho wa benchi akainuka mwanamume mrefu. Shati la bluu safi kabisa, suruali ina matone ya rangi yaliyoshindikana kwa sabuni. Chuma alimtazama, damu ikampanda kichwani. Vifundo vyote vya mji huu, na leo kimeletwa cha huyu!

"Kumbe ni wewe," fundi rangi alisema.

"Kumbe. Ingia ndani, unawazibia watu njia."

Miaka miwili nyuma walikuwa wachumba. Walipendana fundi alipokuwa akipaka rangi idara hiyohiyo. Chumba cha kazi ya siku nne kilimchukua wiki tatu, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Ikafika siku ya kujitambulisha kwa wazee. Chuma alikuwa chumbani na shangazi zake, amevaa gauni la zambarau, mara mjomba akaingia na kutangaza kuwa huyo mwanamume amekuja amelewa chakari, anapepesuka uani, ananuka, na ameshafukuzwa. Shangazi mmoja akaangua kicheko. Kicheko hicho Chuma hakukisahau. Alimtumia fundi ujumbe mmoja tu, "Usinitafute tena," akaifungia namba yake, akalia wiki nzima. Kisha akaacha kulia, akaanza kuingoja siku yake.

Siku yake ndiyo hiyo sasa, imekaa juu ya kitanda cha wagonjwa na kuvua kiatu.

"Mguu unakusumbuaje?"

"Unaniachia. Natembea vizuri tu, nikikanyaga kijiwe unapinduka. Juzi nimeponea chupuchupu kwenye ngazi." Fundi akatoa karatasi iliyokunjwa. "Msimamizi hataki nipande tena mpaka mtaalamu asaini hii fomu. Tunapaka jengo la ghorofa nne. Mwisho wa mwezi huu kama sijapanda, anamchukua mtu mwingine."

Chuma aliisoma fomu polepole, kwa raha zake, kana kwamba ni barua ya mapenzi. Kumbe kazi ya mtu huyu ilikuwa inangoja kalamu yake.

"Tutaona," alisema, akaitia fomu kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

Mazoezi aliyompa yalikuwa sahihi, hata mkuu wa idara asingepata la kumkosoa. Chuki ilikuwa kwenye mahali pa kuyafanyia. Kila Jumatatu na Alhamisi alimsimamisha fundi katikati ya mlango uliofunguliwa wazi, benchi zima likimtazama.

"Mguu mmoja. Mikono kiunoni. Usishike kitu."

Fundi akishatulia, Chuma humsukuma bega ghafla. Kifundo kilicholegea lazima kizoeshwe kushtukizwa, hiyo ndiyo tiba yenyewe.

"Unanisukuma kwa dawa au kwa hasira?" fundi aliuliza siku moja, jasho linamtiririka.

"Dawa nalipwa. Hasira nakupa bure."

"Mkarimu kweli."

"Nyamaza, umeshusha mguu. Anza upya."

"Binti, msukume tena!" bibi mmoja mwenye maumivu ya nyonga alishangilia kutoka kwenye benchi. "Huyo ana kiburi cha mabega!"

Wagonjwa wakacheka, na Chuma akaonja utamu wa kisasi. Ila ulikuwa utamu usiofika nyumbani. Akipanda ngazi za kwake jioni ulikuwa umeshaisha, na kilichobaki ni harufu ya sabuni ya fundi na aibu ya kujua kuwa mkono wake ulikuwa umekaa juu ya lile bega muda mrefu kuliko zoezi lilivyotaka. Hilo lilimuudhi, na Alhamisi akamsukuma kwa nguvu zaidi.

Wiki ya tatu alimwambia, "Leo fumba macho."

Fundi akafumba, akainua mguu mzima na kubaki na ule mbovu. Mwili ukaenda kushoto, ukarudi kulia, mikono ikapapasa hewa, akajikuta ameng'ang'ania pazia.

"Makubwa!" bibi wa nyonga akapiga kofi. "Huyu kanywa nini asubuhi yote hii?"

Benchi likalipuka kwa kicheko. Chuma hakucheka. Hivyo ndivyo mjomba alivyoigiza siku ile mbele ya shangazi zake: kushoto, kulia, mikono hewani. Aliufunga mlango, akachukua faili. Swali la kwanza kabisa kwenye karatasi lilikuwa tupu. Alikuwa ameliruka makusudi, kwa kuwa hakutaka kumsikia mtu huyu akijieleza.

"Uliumia lini mara ya kwanza?"

"Wiki tatu nzima ndiyo unauliza?" Fundi aliketi. "Siku mbili kabla ya kuja kwenu. Niliteleza kwenye ngazi, kifundo kikavimba. Sikukifunga bandeji kwa sababu kiatu kisingeingia, na mimi nilitaka wazee wako wanione mtu wa maana."

"Na pombe?"

"Pombe gani?"

"Ulikuwa unanuka."

"Nilitokea kazini na rangi ya mafuta mpaka viwikoni. Nikaisugua kwa tina. Nikaingia uani kwenu, kokoto tupu. Mguu ukaniachia nikashika ukuta, ukaniachia tena nikakalia chungu cha maua. Mjomba wako akanitazama, akanusa, akanionyesha geti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikupigia mara kumi na moja. Ulikuwa umenifungia simu." Alianza kuvaa kiatu chake. "Ningekasirikia wazee, lakini wao hawajui. Wewe kazi yako ni miguu. Ungetoka nje tu ukaniangalia."

Mchana huohuo Chuma alisimama nyuma ya jengo na kupiga simu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mchana mchana, kwema?"

"Yule fundi, siku ile. Ulisikia harufu ya pombe au ya tina?"

"Tina ndiyo nini?"

"Ya kutolea rangi mikononi."

Mjomba alikohoa. "Sasa mwanangu, harufu kali ni harufu kali. Mtu anapepesuka, ananuka, ulitaka nifikiri nini?"

"Nilitaka uniite."

"Tulikuwa na wageni!"

"Vizuri. Jumapili nakuja. Waite shangazi wote waliokuwepo. Utawasimulia upya, na safari hii usisahau tina. Mimi nitakaa mbele nikusikilize."

"Wote?"

"Wote. Hasa yule aliyecheka."

Alikata simu, na bado hakupoa. Mjomba alikuwa na sehemu yake katika kosa hili, lakini iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe, nayo hakujua aifungie droo gani.

Siku ya mwisho wa mwezi fundi alikuja amenyoa vizuri, shati limechomekewa. Chuma aliitoa fomu, akaiweka mezani, akachora mstari sakafuni kwa chaki.

"Ruka kwa mguu mmoja. Kushoto na kulia, mara kumi."

Fundi alifika mara ya saba bila shida. Ya nane kifundo kikapinduka, akadaka ukingo wa kitanda. Wote wawili waliona.

"Bahati mbaya tu hiyo," fundi alisema haraka. "Saini. Tafadhali."

Chuma alishika kalamu. Alitamani kusaini kuliko kitu chochote. Msamaha ambao ulimi wake ulishindwa kuuomba kwa wiki nzima ungeandikwa kwa mstari mmoja, na fundi angetabasamu. Akaifunika kalamu.

"Sisaini."

Fundi alicheka, kicheko kikavu. "Nilijua. Umenianika mlangoni nichekwe, nikavumilia. Umenisukuma, nikavumilia. Ukweli umeujua, na bado unalipiza kisasi!"

"Ningekuwa nalipiza," Chuma alisema, "ningesaini."

Fundi alikitazama kifundo chake, akazifikiria zile ghorofa nne, kisha akaketi taratibu.

Chuma aligeuza fomu na kuandika nyuma yake: kazi za chini tu, milango na kuta anazofikia akiwa amesimama, wiki nne, kisha apimwe tena. Chini akaandika namba yake ya simu. "Msimamizi akibisha, anipigie. Na wewe pia unaweza. Nimekufungulia." Akampa fomu. "Nisamehe. Ningetoka nje siku ile."

"Ndiyo, ungetoka." Fundi alisoma karatasi mara mbili. "Wiki nne hizi zijazo sitakusamehe."

"Sawa."

"Nitakuja, nitafanya kila zoezi, na nitakununia mwanzo mpaka mwisho."

"Ni haki yako."

"Nataka uteseke kidogo."

"Nateseka tayari."

"Vizuri." Aliikunja fomu, akaitia mfuko wa shati, akatembea kwa uangalifu hadi mlangoni. Alipoufungua aligeuka, mkono ungali kwenye kitasa. "Jumatatu nije saa ngapi, kipenzi?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Korido nzima iligeuza shingo, bibi wa nyonga akiwa wa kwanza. Fundi alikunja uso mpaka nyusi zikakutana.

"Sijakusamehe."

"Nimesikia," Chuma alisema. "Saa mbili."