Ubao wa Nne

Jioni ile nilikwenda kuchukua msumeno tu.

Mvua ilikuwa inajikusanya juu ya Mlima Mbeya, na ule msumeno wa watu wawili nilikuwa nimeuacha msituni, umenasa ndani ya gogo. Ukinyeshewa usiku mmoja, asubuhi una kutu. Nikamwambia mke wangu nitarudi kabla ugali haujaiva, nikapanda njia ya mlimani peke yangu. Asukile, mwenzangu wa kazi, alikuwa kitandani siku ya tatu.

Lakini kwanza niseme gogo lile lilitoka wapi. Nisiposema hilo, yote yanayofuata yatakuwa uongo.

Ilikuwa mwaka 1956. Kulikuwa na mlowezi mmoja wa kahawa, watu walimwita Bwana Mabawa kwa sababu alikuwa anajitengenezea ndege ndani ya ghala lake. Ndege ya kweli, ndogo, ya mtu mmoja, kwa michoro aliyoletewa na posta. Injini alikuwa nayo. Hakuwa na mbao. Kila bawa lilitaka mihimili miwili, wa mbele na wa nyuma, na yote minne alitaka itoke kwenye mti mmoja, ili bawa moja lisiwe zito kuliko jingine. Mti usio na fundo. Nyuzi zake zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho.

Mbao ya kwanza niliyompelekea aliidondoshea tone la wino. Wino ukafuata nyuzi, ukaenda upande.

"Hii hapana, Timotheo," akasema. "Hii itavunjika juu, na mimi nitakuwa ndani."

Miezi miwili nilimpelekea mbao. Miezi miwili alizikataa. Mimi ni seremala, na kabla yake hakuna mtu aliyewahi kunirudishia mbao. Ikawa naona aibu hata kupita barabarani na mkokoteni wangu.

Mti wenyewe ulikuwepo. Nilikuwa naujua tangu utoto. Podo mmoja mrefu, katikati ya msitu mdogo wanamozikwa machifu wa upande wa mama yangu. Mle hakuna aliyewahi kukata hata fito. Aliyeutunza ni mjomba wangu Jailos. Sikumwomba ruhusa. Nilijua atakataa.

Asukile hakujua lolote. Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, alihamia kwetu na mkewe Lea kufuata kazi ya kupasua mbao. Tulipofika chini ya ule mti alivua kofia.

"Ndugu yangu, mbona hapa pako kimya hivi? Hapa si pa watu?"

"Ni pa ukoo wangu."

"Na ruhusa je?"

"Nimepewa."

Neno moja tu.

Tuliangusha mti, tukachimba shimo, tukalilaza gogo juu yake. Katika kupasua, mtu wa juu anaongoza msumeno, anafuata mstari. Mtu wa chini anavuta, na vumbi lote la mbao linamwangukia, machoni, puani, mdomoni. Mimi nilikaa juu. Asukile alikuwa chini. Aliyedanganya ni mimi, na aliyemeza vumbi la mti ule ni yeye.

Zilitoka mbao tatu. Sijaona tena mbao kama zile. Nilizipaka nta kwenye ncha zisipasuke, nikazipanga kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Nilipodondosha wino, ulikwenda moja kwa moja kama unaitwa.

Tukiwa katikati ya ubao wa nne, Asukile akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akashika ukuta wa shimo. Nikamwambia akapumzike.

Basi, jioni ile, kabla sijafika, nilisikia.

Krrr... krrr...

Msumeno unakata.

Nikadhani ni mwizi wa mbao. Nikainama, nikatembea polepole kwenye majani mabichi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Nikachungulia.

Juu ya gogo hapakuwa na mtu.

Msumeno ulikuwa unapanda na kushuka. Mpini wa juu mtupu. Krrr... krrr... Na harufu ikanijia, ya mti mbichi, na ndani yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa siku hiyohiyo.

"Nani huyo?" nikanong'ona.

Msumeno ukasimama.

Kimya... Kisha, kutoka chini, sauti ya mtu mwenye vumbi kooni.

"Vuta."

Ilikuwa sauti ya Asukile.

Ningekimbia. Mtu yeyote angekimbia. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye gogo. Kilichobaki kukatwa kilikuwa kama urefu wa mkono wangu. Mkono mmoja tu, halafu nina mbao nne, na hakuna wa kunirudishia kitu tena. Nikajiambia ni Asukile kweli, amepata nafuu, amekuja kumalizia. Nikapanda juu ya gogo. Nikashika mpini.

Ulikuwa wa moto.

Nikavuta. Wa chini akavuta. Tukaenda hivyo, juu, chini, juu, chini. Mwanzo alikuwa na nguvu. Kisha akaanza kulegea. Nilisikia pumzi yake, fupi, inakwaruza. Kila nikivuta, inakatika. Nikiachia, inarudi kidogo.

Nilielewa. Sitaki kusema kwamba sikuelewa. Mkono wangu ulielewa kabla ya kichwa.

Nikavuta tena.

Tena.

Ubao ukaachana na gogo, ukaanguka majanini. Msumeno ukawa mwepesi. Nikainama shimoni. Hapakuwa na mtu. Vumbi la mbao lilikuwa limelala laini, halina alama ya mguu.

Nilishuka mlima nikianguka na kuinuka. Vilio nilivisikia kabla ya kuziona nyumba.

Lea alikuwa amekaa mlangoni, kanga imemdondoka kichwani.

"Shemeji," akasema, "jua lilipozama aliinuka kitandani. Macho amefumba. Akawa anavuta kitu hewani kwa mikono miwili, juu, chini. Nimemshika, nimeshindwa. Nikamwambia, baba, pumzika. Ananijibu, 'Bado kidogo. Bado kidogo.'"

Nilikaa chini karibu naye. Nikalia na wengine. Habari ya shimoni sikumwambia.

Tulimzika. Mbao zilikauka. Bwana Mabawa alizipima zote nne, akazipiga randa mwenyewe, akaunga mabawa, akayavika kitambaa. Mwaka uliofuata ndege iliruka. Watu wa mashamba yote walikuja kutazama, akina mama wakapiga vigelegele. Iliruka vizuri, ikazunguka, ikatua kama ndege wa kweli. Bwana Mabawa akanishika mkono mbele ya watu.

"Mbao nzuri sana, fundi."

Sikungoja sherehe iishe.

Siku ileile nikaenda kwa mjomba Jailos. Nilimkuta uwanjani anageuza maua ya pareto juu ya mikeka. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Mjomba, nimekuja kusema juu ya ule mti."

"Mwaka mzima, Timotheo."

"Mlijua?"

"Tulisikia shoka siku ya kwanza. Wazee wenzangu walitaka tukufuate. Nikawaambia, huyu ni mtoto wa dada yangu, atakuja mwenyewe." Akageuza maua. "Mwenzako alikuja."

"Asukile?"

"Alikuja anakohoa. Kumbe alikuwa ameulizauliza watu. Aliomba msamaha, kwa ajili yenu wawili. Nikamwambia, jambo hili haliombewi na mtu mwingine, mlete Timotheo. Akasema, 'Atakuja. Mimi namjua.' Hakutaka nikuite. Aliona utaaibika."

Nikamsimulia habari ya jioni ile, ya msumeno na ile sauti.

"Mjomba... kule shimoni alikuwa nani?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Sisi hatukutuma kitu. Hatujui kutuma. Sisi tunafagia tu pale."

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Lea. Nilimkuta anachambua maharage. Nilimwambia yote, kuanzia lile neno nililomjibu Asukile mpaka mvuto wa mwisho. Hakulia. Hakunitukana. Mikono yake iliendelea na maharage, lakini ilikuwa inatupa mazuri pamoja na mabovu.

Mwishowe akasema, "Jana magharibi alikuja mtu kukuulizia."

"Mtu gani?"

"Simjui. Amejifunika blanketi. Nilidhani ni wa ukoo wenu, kwa sababu hakusema Timotheo. Alikutaja kwa jina lako la nyumbani, la kabla ya ubatizo. Mimi sikujua hata kama unalo."

Jina lile aliyenipa ni bibi yangu. Alipokufa, hakubaki mtu wa kuniita hivyo.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwonyesha nyumba yako."

Wiki hiyo nilihama na mke wangu. Sasa tuko Ipogolo, Iringa, na natengeneza vitanda na milango. Mtu yule hajafika. Mke wangu hunigombeza kila jioni kwa sababu siweki komeo. Husema nitatuletea wezi.

Sioni nina haki gani ya kumfungia mtu yule mlango.