Bakuli Halirudi Tupu

Mwanamume akikanyaga abaya ya mtu kwenye lifti akaichana pindo, cha kwanza ni kuomba radhi. Taib alisema, "Abaya nyeusi, lifti kiza, ningeionaje?" Watu waliobanana humo na mifuko yao ya futari wakacheka. Ummulkheir hakucheka. Abaya ile ilikuwa mpya, ina nakshi za fedha mikononi, na yeye alikuwa na saumu.

Kumbe ni majirani, ghorofa ya saba ya jengo moja hapo Al Nahda, ughaibuni kwa Waarabu. Ummulkheir wa Mombasa, muuza manukato, alikaa 704 na wasichana wenzake. Taib wa Unguja, muuza spea za magari Ras Al Khor, alikaa 705 na wanaume wenzake. Ilikuwa Ramadhani ya 2014. Taib aliipeleka abaya kwa fundi, akairudisha imeshonwa vizuri, na namba za simu wakapeana.

"Nani kafa leo?" Taib alipiga kuuliza, maana kupitia ukutani alimsikia Ummulkheir akililia tamthilia yake ya Kikorea.

"Hajafa mtu. Ameachwa."

"Basi tumlilie sote. Na mie niliachwa."

Mkewe, Ghania, aliomba talaka kwa simu. Alisema amechoka kuolewa na sauti. Ummulkheir naye akamweleza habari za Ubeid, mchumba wa miaka minne, ambaye picha za harusi yake na mwingine alizikuta WhatsApp. Kila Idi Ummulkheir alimpelekea zawadi, na hakikurudi hata kitambaa cha mkono.

Basi akaanza kumpelekea jirani futari. Bakuli la mbaazi za nazi likaenda, halikurudi. La tambi likaenda, halikurudi. Pwani nzima inajua kwamba bakuli la jirani halirudi tupu, lakini linarudi! Yalipofika matano, Ummulkheir alipiga simu kwa hasira, na mimi simlaumu.

"Nimechoka na watu wa kupokea tu," alisema. "Nilimpa mmoja miaka minne, wewe nakupa mabakuli. Khalas, Taib. Usinipigie tena."

Akakata simu. Siku kumi nzima walipishana kwenye lifti kama hawajuani.

Asubuhi ya Idi mlango ukagongwa. Taib alisimama na sinia, kanzu nyeupe imejaa unga hadi viwikoni. Juu ya sinia mabakuli matano, yote yamejaa: chapati ngumu, kaimati nyeusi, na vingine visivyotambulikana.

"Sikuweza kuyarudisha matupu," alisema. "Na kupika sijui. Dada yangu ananifunza kwa simu tangu bakuli la kwanza. Vilivyoungua zaidi wamekula wenzangu, sasa hawasemi na mie."

"Na mdomo wa kuniambia hukuwa nao?"

"Niliona haya. Nawe ulishakata simu."

Ummulkheir aliuma kaimati moja, jino likamuuma. Alimwambia ni aibu kwa Unguja nzima, na machozi yakamtoka palepale, hasira haijaisha.

Pembeni palikuwa na bakuli la sita, la buluu, jipya, halina kitu.

"Hili langu," Taib alisema. "Lijaze ukipenda."

Alasiri bakuli lilirudi 705 na sambusa za moto. Chini ya sambusa palikuwa na karatasi yenye namba ya simu ya Mombasa na maneno haya: "Mjomba Msellem. Posa hupelekwa kwake. Mpigie baada ya Isha. Hapendi mzaha, na kaimati zako usimtajie."