Chupa ya Pili ya Patron Grégoire

"Mume wangu, maji yamejaa. Hatuvuki."

Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, kila mtu anasikia. Ndivyo alivyotaka Patron Grégoire: mgeni akipigiwa, azungumze hadharani.

"Pole, mama," alijibu Élysée. "Mpaka lini?"

"Pengine alfajiri. Watoto wanakusalimia."

Ikakatika.

Huyo hakuwa mke wala nini. Alikuwa Kapiteni Olga, na hao watoto ni askari ishirini wenye pikipiki za TVS, wamekwama ng'ambo ya mto Luama, upande wa Kabambare. Walitakiwa kuingia Kasongo, kwenye nyumba hii, saa tisa mchana.

Saa tisa ndiyo hiyo.

Élysée, jina la kazi Nungu, alibaki peke yake. Bastola yake ya Glock alikuwa amemwachia Olga, maana kwa Grégoire wageni hupekuliwa mpaka soksi. Alikuja kama mjumbe wa wanunuzi wa dhahabu wa Dubai. Kwenye uwanja wa ndege, ndege ndogo ya Cessna Caravan ilikuwa tayari na masanduku sita yaliyoandikwa tequila. Ndani yake, chupa za udongo zilijaa dhahabu ya migodi ya Salamabila.

Dhahabu ikienda, basi, si ya kwanza kwenda. Kilichomtoa jasho Élysée kilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, hatua tatu kutoka kiti chake. Rehema, mpishi wa nyumba ile, alikuwa stoo, amefungwa mikono. Asubuhi walimkuta na picha za masanduku kwenye simu. Élysée ndiye aliyemwomba azipige. Élysée ndiye aliyemwambia, "Mama Rehema, hakuna kitakachokupata."

Walimpiga amtaje aliyemtuma. Hakumtaja.

Grégoire aliinua chupa ya tequila halisi iliyokuwa mezani. "Tukimaliza hii, tunapaa. Na yule mupishi tunapaa naye." Akacheka. "Yeye atashukia njiani. Pori iko kubwa."

Célestin, mlinzi wake, alicheka pia, akabugia glasi yake mara moja kama lotoko, gongo ya sokoni.

"Wewe nyama ya pori!" Grégoire alifoka. "Miaka saba ndani ya pipa, wewe unameza kama dawa ya minyoo! Toka! Kaa pale kwa mulango wa stoo, usiguse tena!"

Célestin akaenda na Kalashnikov yake.

Élysée akaitazama chupa. Robo tatu bado. Loo, mtu mzima, komandoo mwenye medali, na uhai wa mama wa watu umebaki kwenye kinywaji! Silaha yake ilikuwa moja tu: kunywa polepole.

"Patron," alisema, "hii haimezwi. Hii inasikilizwa."

Macho ya Grégoire yaling'aa. Mwaka mzima alikuwa akitafuta mtu wa kusema naye maneno hayo.

"Kwanza iache ipumue. Sasa izungushe. Unaona inavyoteremka kwenye kioo, nzito, bila haraka? Huo ni uzee. Nusa, mdomo uwe wazi kidogo. Unapata nini?"

"Vanila!"

"Na nyuma ya vanila?"

Grégoire alifumba macho. "Mbao. Asali ya kuungua."

"Na ule mmea wenyewe, patron, ndugu wa mkonge, uliookwa mpaka ukalainika. Onja tone. Litembeze ulimini, meza, kisha toa pumzi kwa pua."

"Ah! Pilipili! Inakuja mwisho!"

Walicheka wote wawili. Élysée alicheka kwa sauti, huku nyuma ya mbao Rehema akikohoa.

Saa kumi. Saa kumi na moja. Glasi moja dakika ishirini, na bado chupa ilizidi kushuka. Saa kumi na moja u nusu rubani Christophe alichungulia mlangoni.

"Patron, jua inakwenda. Piste ya ndege haina taa hata moja. Tupae sasa."

Chupani kulibaki vidole viwili. Grégoire akashika shingo ya chupa ammiminie mgeni.

Élysée alidondosha tone kiganjani, akasugua viganja, akanusa. Akasugua tena. Akakunja uso.

"Nasikitika, patron. Viganja vinanata. Wamekutilia sukari na rangi. Hii si ya miaka saba."

Grégoire alitoa bastola, akailaza mezani karibu na glasi.

"Mutu hajapata kunitukana nyumbani kwangu."

"Mimi sikutukani, patron. Aliyekuuzia ndiye aliyekutukana."

Hiyo ilimchoma. Alikwenda kabatini akarudi na chupa nyingine, muhuri wake wa nta haujaguswa. "Hii nilinunua mwenyewe kule kiwandani! Onja! Utasema nini sasa?"

"Patron, jua!" Christophe alilia.

"Jua ingoje!"

Jua halikungoja. Saa kumi na mbili na nusu nje palikuwa giza tupu, na Christophe aliketi chini akavua kofia. "Mimi sipai. Uniue, halafu utarusha wewe."

Grégoire hakumwua mtu. Chupa ya pili ilimlaza kichwa juu ya meza.

Lakini Célestin, aliyefukuzwa kwenye glasi, alikuwa macho, hajalewa, mlangoni pa stoo, kidole kwenye kifyatulio. Élysée alikaa kitini mwake hadi alfajiri akiutazama ule mlango. Hakuweza kusogea. Hakuweza hata kumwita Rehema kwa jina.

Saa kumi na moja u nusu pikipiki zilinguruma. Olga aliingia na vijana wake, wamelowa mpaka kifuani. Célestin alitupa bunduki. Masanduku sita yalishushwa kutoka kwenye ndege.

Élysée alifungua stoo mwenyewe, akazikata kamba. Mikono ya Rehema ilikuwa imevimba.

"Mama Rehema, imekwisha."

Rehema alisimama akishika ukuta wa mbao.

"Nilifunga mudomo siku yote juu yako," alisema taratibu. "Nilikuwa nakusikia. Vanila. Asali. Munacheka." Akapangusa damu iliyokauka mdomoni. "Ile ya pili ndiyo ilikuwa tamu?"

Élysée alizikunja zile kamba mkononi. Alikuwa na maelezo, tena ya kweli, lakini aliona haya kuyatoa. Rehema alimpita, akamwomba Olga pikipiki ya kumfikisha kwao Lusangi.

"Nungu, kazi safi," Olga alimwambia.

Élysée aliitikia kwa kichwa. Akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akatembea kuelekea barabarani kwa hatua za mtu asiye na wasiwasi wowote. Jua lilikuwa bado halijachomoza.