Mashine Iliyokataa Flash

Dada yangu si mtu wa kuamini mizimu. Nianze na hilo, maana wapo watakaosema haya ni maneno ya watu wenye mioyo myepesi. Yeye ni fundi wa kompyuta, na tangu tukiwa wadogo alikuwa akifungua redio ya baba ili aone huyo anayesema amekaa wapi. Mtaani wanamwita Bisibisi. Kwake kitu kikiharibika kina sababu, na sababu ina skrubu.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, mlango wa mbao wenye kioo kwa juu, dirisha la nondo linalotazama barabara, na meza ndefu iliyojaa nyaya. Ng'ambo ya korido alikaa mshonaji mmoja wa makamo, tunamwita Mama Cherehani. Jumanne moja asubuhi walikunywa chai pamoja, wakamcheka mteja wa jana aliyeleta kompyuta "imekufa" kumbe swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa. Jua lilikuwa limekolea. Saa nne hivi akaja mpima ardhi.

Alikuwa mwanamume mrefu, viatu vimejaa vumbi jekundu, amekumbatia kompyuta ya mezani iliyofungwa kwa shuka. Aliitua mezani taratibu.

"Nataka uifute yote, dada," alisema. "Piga windo upya. Usifungue faili lolote."

"Hakuna picha za kuhifadhi, kaka? Nyaraka?"

"Nimesema yote."

"Ni yako?"

"Ya mke wangu. Kasafiri kwao."

Dada akaanza kufungua mafundo ya shuka, yakamshinda, akachukua mkasi. Anasema yule bwana alirudi nyuma hatua mbili alipoona fundo la kwanza linakatwa, kisha akaacha namba ya simu, akaondoka.

Kwa asiyejua kazi hizi: ukitaka kuifuta kompyuta yote, unachomeka flash yenye windo mpya, yaani mfumo unaoiendesha mashine, kisha unaiamuru mashine iamke kwa kusoma flash badala ya diski yake ya ndani. Ni kazi ya dakika chache. Dada yangu ameifanya mara nyingi kuliko alivyopika ugali.

Alichomeka, akawasha. Mashine ikaipita flash kama haipo, ikaamka kwa diski yake, ikaomba neno la siri. Hakushtuka. Aliizima, akaingia kwenye mipangilio ya ndani, akaiweka flash iwe ya kwanza na diski ya pili, akahifadhi. Ikaamka kwa diski. Aliporudi kuangalia, diski ilikuwa ya kwanza tena, na flash haimo kwenye orodha.

"Una kiburi wewe," aliiambia.

Akazima ile kinga inayozuia mifumo migeni. Akahamisha flash kwenye tundu la nyuma. Akaijaribu kwenye kompyuta nyingine, ikasoma bila shida. Akaitengeneza upya tangu mwanzo. Akaleta flash nyingine. Akaunganisha hata kisoma CD cha nje, kile cha zamani kilicholala kabatini. Yote yakagonga mwamba. Chochote kilichotoka nje, mashine haikukitaka.

Saa sita ilikuwa imepita. Aliinama achomeke flash kwa mara ya mwisho.

Akapigwa kofi.

Si shoti ya umeme. Shoti anaijua. Lilikuwa kofi la kiganja, shavu la kushoto, zito, la mtu mwenye hasira. Kichwa kiligonga kabati. Alipojishika mdomo, vidole vilirudi na damu na kipande cha jino. Chumbani hakukuwa na mtu.

Mama Cherehani alisikia kishindo, akaja na futi yake shingoni.

"Mwanangu! Nani kakupiga?"

"Nimejigonga," alisema dada.

"Umejigonga na vidole vitano?"

Alijitazama kwenye skrini iliyozimika. Alama zilikuwa zimevimba shavuni, ndefu na nene. Za mwanamume.

Mama Cherehani alimsihi afunge ofisi, aende hospitali. Bisibisi hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alisafisha mdomo kwa maji ya chumvi, akarudi mezani, akafungua ubavu wa mashine. Aliwaza hivi: kama inang'ang'ania kuamka kwa diski, ataitoa diski. Ikikosa pa kuegemea, itaisoma flash, itake isitake. Akafungua skrubu nne, akachomoa nyaya mbili, akaitoa. Aliiweka mbele yake, juu ya kitambaa. Kisha akawasha.

Feni ilizunguka. Spika ndogo ya ndani, ile inayolia mara moja mashine ikiwa nzima, ililia mara moja.

Halafu ikalia tena. Na tena. Haikuwa sauti ya mashine sasa. Ilikuwa nzito, butu, kama mtu anatwanga gunia lenye maji. Aliihesabu kwa mazoea ya kazi, maana mlio una maana yake. Ilifika kumi na moja, ikanyamaza.

Skrini ikawa nyeusi. Herufi zikaanza kutokea, moja moja, taratibu, kama anavyochapa mtu mwenye vidole vinavyouma. Alikosea herufi moja. Akaifuta. Akaandika tena.

HAPA HAINGII MTU

Diski ilikuwa mezani. Nyaya zake zilining'inia hewani.

Dada alimpigia simu yule bwana. Hadi leo anajilaumu kwa hilo, lakini afanye nini? Fundi akishindwa humpigia mwenye mali.

"Kaka, kuna tatizo. Nimetoa diski na bado inawaka. Inaandika maneno."

"Maneno gani?"

"Hapa haingii mtu."

Dada alisikia funguo zikinyakuliwa mezani.

"Usiguse kitu," alisema mpima ardhi. "Nakuja."

Hata nusu saa haikupita. Alipanda ngazi mbio, akaingia, akabamiza mlango na kutia komeo. Mkononi alikuwa na nyundo yake ya kazi, ile ya kupigilia vigingi vya mipaka, mpini mrefu, kichwa kizito.

"Umesoma nini?"

"Sijasoma chochote, kaka."

"Umesoma nini!"

Hakungoja jibu. Alimkaba koo kwa mkono mmoja, akamnyanyua hadi visigino vikaacha sakafu, akambana kwenye kabati. Dada yangu ni mtu wa vita pia. Alimpiga teke, alimparura uso, alimchoma mkononi kwa bisibisi hadi ikazama. Hakulegea hata kidogo. Alikuwa anatabasamu, dada anasema, tena alikuwa anazungumza kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mtoto.

"Na wewe unataka kutoka? Kila mtu anataka kutoka. Utatoka. Mwenzio nilimtoa."

Macho ya dada yakaingia giza. Masikio yakavuma. Ndipo akahisi amekamatwa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kutoka nyuma. Nyuma yake kulikuwa na kabati na ukuta. Alivutwa mara moja, kwa nguvu, akachoropoka kama sabuni, akaanguka chini ya meza akikohoa damu.

Mpima ardhi alibaki ameshika hewa. Alitazama mkono wake. Kisha akatazama meza, akaiona diski juu ya kitambaa.

"Wewe," alinong'ona. "Bado tu."

Akainua nyundo.

Pigo la kwanza lilitua katikati ya diski. Dada alisikia mfupa unapasuka. Diski ilikuwa salama juu ya kitambaa. Bega la mpima ardhi lilikuwa limebonyea, na shati likaanza kulowa.

Hakupiga kelele. Alishangaa. Akainua tena.

La pili lilimvunja taya. Meno yalitawanyika juu ya kibodi. La tatu, jicho. Nyundo ilishuka juu ya diski kila mara. Dada aliiona kwa macho yake. Lakini majeraha yalifunguka mwilini mwa mpima ardhi. La nne alijaribu kuizuia. Alishika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaubana kifuani, akalia. Mkono uliinuka wenyewe.

"Nisamehe," alisema, kwa mdomo usio na taya.

Tano. Sita.

Spika ndogo ilikuwa inalia naye. Kila pigo, mlio.

Korido ilikuwa imejaa watu. Mama Cherehani alikuwa ameweka uso kwenye kioo cha mlango, na aliona yote. Wanaume watatu walisukuma kwa mabega. Komeo lenyewe lilikuwa la bati, la kuzuia upepo. Halikutikisika. Mmoja alikivunja kioo kwa ngumi ili aingize mkono afungue, akarudi nyuma akiyumba, shavu la kushoto limepasuka. Hakuna aliyejaribu tena.

Saba. Nane. Alikuwa amepiga magoti sasa. Tisa, fuvu lilifunguka. Kumi alikuwa hana uso. Mkono uliinuka bado, peke yake, juu ya mwili uliokuwa umeshakata roho. Ukashuka.

Kumi na moja.

Komeo likateleza. Mlango ukafunguka polepole kwa ndani, na watu wote wale wakabaki wamesimama nje.

Dada alikaa mahabusu siku mbili. Ilikuwa haki yao kumshuku. Mtu amekufa ofisini kwake, na shati lake limelowa damu. Waliomtoa ni Mama Cherehani na wale wanaume watatu. Walihojiwa mmoja mmoja, vyumba tofauti, na maelezo yao hayakupishana hata chembe. Alijipiga mwenyewe. Wapelelezi wakaongeza kwamba alama zote za vidole kwenye mpini ni za marehemu.

Polisi walikwenda nyumbani kwa mpima ardhi. Ukuta mrefu, geti la chuma, makufuli matatu, yote kwa nje. Jirani mmoja alisema hajamwona mke wa yule bwana tangu mvua zilizopita, lakini usiku na mchana alikuwa akimsikia akichapa. Kazi yake ilikuwa kuchapa. Watu walimpa kazi zao kupitia kwa mume. "Tena hata wiki hii tumemsikia," alisema jirani. Stoo ilikuwa na saruji mpya. Walipoichimba walimkuta, amefungwa kwa shuka, mafundo madogo madogo yaliyokazwa. Daktari alihesabu mapigo. Sina haja ya kuwatajia idadi.

Kaka wa yule mke alikuja kuchukua mwili wa dada yake. Alipitia kwetu kumshukuru Bisibisi, ingawa hakujua hasa anashukuru nini. Alikuwa mtu mpole, na pengo upande wa kushoto wa mdomo. Alisema mwaka juzi mama yao aliugua, akaja kumchukua dada yake akamwone. Shemeji yake alimpokea getini kwa kofi, akamwambia neno moja, akafunga. Dada yangu hakumuuliza neno gani.

Yule mke alizikwa kwao, katikati ya watu wake, wengi hadi njia haikutosha. Dada alikwenda. Mimi nilimsindikiza. Aliporudi alifunga ofisi, akahamia kwangu, na kwa muda mrefu hakugusa kompyuta.

Alama za koo zilipotea baada ya wiki mbili. Jino aliweka la bandia. Ila mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, pale alipovutwa, palibaki alama. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande mwingine. Ni kiganja kidogo, chembamba, cha mwanamke. Kwenye kidole kimoja kuna mstari mwembamba wa pete. Hospitali walisema ni vilio la damu iliyoganda chini ya ngozi, litayeyuka. Halijayeyuka. Ngozi ya pale ni baridi. Nimeigusa mwenyewe, mchana, na yeye akitoka jasho.

Tulijipa moyo. Tukasema ni mkono uliomwokoa, basi una ubaya gani?

Mama Cherehani ndiye aliyegundua. Alikuwa anampima dada gauni, akasimama ghafla na futi mkononi, akapima tena, akaandika namba. Mwezi uliofuata alikuja bila kuitwa, akapima. Na uliofuata. Kisha akaniita jikoni, akanionyesha namba alizoandika nyuma ya kalenda yake.

Ile alama inapanda. Upana wa kidole kimoja kila mwezi, haiachi mwezi.

Jumapili iliyopita dada alivaa blauzi yenye shingo pana. Gumba limeshafika kwenye mtulinga. Vidole vinne vimeanza kukunjuka kuelekea kooni.