Minazi ya Kijakazi

Wewe unayesoma haya, ulimwona Bi Umi. Usikatae. Alipita mbele ya baraza lako na godoro kichwani, hata eda hajamaliza. Mumewe kazikwa juzi, shemeji zake wameshabadilisha kufuli la nyumba. Ulisema, "Mambo ya ukoo hayo." Ukarudi kwenye bao lako. Mimi sijasahau. Hadithi hii nimeiandika ili kesho usiseme hukujua.

Kijakazi na mumewe Jumanne wanaishi katika kijiji kimoja cha kisiwani kwetu, kando ya Ghuba ya Chole. Jumanne anavua. Kijakazi analima mwani. Maji yakipwa, anaingia baharini kufunga mwani kwenye kamba. Maji yakijaa, anarudi nyumbani. Anapika, anafua, anasuka makuti. Saa kumi jioni anakwenda kisomo cha watu wazima.

Mwalimu wa kisomo ni jirani yao, Bi Ibtisam. Ana duka la kanga. Pia ni msaidizi wa kisheria, amesomea kazi hiyo. Watu wakiwa na shida ya ndoa au mirathi, wanamfuata dukani.

Siku moja Kijakazi alisoma kitabuni, kidole chini ya neno: "Baba ana shamba. Mama anapika."

Akainua kichwa. "Mwalimu, huyu mama hana shamba?"

"Aliyeandika hakumpa," alisema Bi Ibtisam.

"Hakumuuliza?"

"Angemuuliza saa ngapi, na mama yuko jikoni?"

Wanawake wakacheka. Kijakazi naye akacheka. Hakujua kwamba na yeye karibu ataandikwa hivyo hivyo.

Mwezi ule kijiji kilikuwa kinapima mashamba ili watu wapate hati za kimila, karatasi za kumiliki ardhi ya kijiji. Wapimaji walifika shambani kwa Jumanne. Kijakazi alikuwepo, aliwapa madafu. Karani aliuliza, "Shamba la nani?" Jumanne akajibu, "Langu." Kijakazi aliambiwa aweke dole gumba kwenye karatasi. Akaweka, akaenda zake kwenye mwani.

Kwa nini hakuuliza? Kwa sababu hapa kwetu mnazi ni wa aliyeupanda. Ardhi inaweza kuwa ya huyu, minazi ikawa ya yule, na kijiji kizima kinajua. Minazi yote ya shamba lile kapanda Kijakazi. Walipooana, kijiji kiliwapa pori. Walifyeka wote wawili. Kisha Jumanne akarudi baharini, na Kijakazi akabeba maji ya kisima kichwani misimu miwili mpaka miche ikashika. Aliona hakuna wa kumnyang'anya.

Wiki mbili baadaye orodha ya mashamba ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Kijakazi alikwenda kutafuta jina lake. Alitaka tu kulisoma, maana alikuwa amejifunza kulisoma karibuni. Alilipata. Mmiliki: Jumanne Mansuri. Mwenza: pale pana kistari. Shahidi wa mpaka: Kijakazi Sudi.

Akasoma tena. Halafu akaenda moja kwa moja dukani.

"Shikamoo, Bi Ibtisam."

"Marahaba. Mbona umeingia na matope ya bahari kwenye duka langu?"

"Shahidi maana yake nini?"

"Mtu aliyeona."

"Basi mimi niliona. Niliona shamba langu likienda."

Bi Ibtisam aliweka kanga chini. "Umetia dole gumba bila kusomewa?"

"Nilijua minazi ni yangu. Nani hajui?"

"Wanaojua watakufa, Kijakazi. Na wewe utakufa. Karatasi itabaki. Hati ikitoka, inabeba ardhi na kila kilichomo. Jumanne akifa leo, ndugu zake wataleta karatasi. Wewe utaleta nini? Ndoo ya maji?"

"Sasa nifanye nini?"

"Orodha iko ukutani ili wenye pingamizi waseme. Nenda kwa mwenyekiti kabla hati haijatolewa. Sheria inaruhusu mke na mume waandikwe wote wawili. Na mali ya mke ni ya mke, kwa serikali na kwa dini. Lakini kwanza zungumza na mwenzio."

Jioni, Jumanne alipomaliza kula, Kijakazi alimwambia.

"Baba Sadick, nataka jina langu kwenye hati."

"Kwani nimekufukuza?"

"Hujanifukuza."

"Sasa hofu ya nini? Changu si chako?"

"Kama changu ni chako na chako ni changu, majina mawili yanakuuma wapi?"

Jumanne akasogeza sahani. Kisha akasema, "Watu watasema Jumanne kakaliwa na mke."

"Watasema siku mbili. Hati itakaa miaka."

"Huyo Ibtisam anakujaza maneno."

"Kanifundisha kusoma. Maneno nimeyakuta ukutani."

Jumanne hakusema ndiyo. Asubuhi Kijakazi alikwenda peke yake kwa mwenyekiti, Mzee Ukasha, na Bi Ibtisam akamsindikiza. Pingamizi likaandikwa. Jumanne aliitwa, na majirani wa mpaka wakaitwa. Walikaa kwenye mabenchi ya ofisi.

"Mwanamke kumpinga mumewe," alisema jirani mmoja. "Dunia imekwisha."

"Haijakwisha," alisema Bi Ibtisam. "Wewe umeitwa hapa kujibu. Minazi ile kapanda nani?"

Jirani akamtazama Jumanne.

Mzee Ukasha akamgeukia Jumanne. "Swali ni lako. Minazi kapanda nani?"

Jumanne angeweza kusema mimi. Lakini kisiwani kwetu mtu anaweza kukana deni, hakani mnazi wa mtu. Watoto wangemcheka njiani. Alivua kofia, akaikunja.

"Kapanda mke wangu," alisema. "Mimi nilikuwa baharini."

"Yote?"

"Mitatu nilipanda mimi. Miwili ikafa."

Hata Kijakazi alicheka. Mzee Ukasha akamwambia karani afute kistari. Fomu mpya iliandikwa. Safari hii Kijakazi alisema, "Nisomee kwanza." Karani akasoma kuanzia juu mpaka chini. Wamiliki: Jumanne Mansuri na Kijakazi Sudi, kwa pamoja. Hakutia dole gumba. Aliandika jina lake, taratibu, herufi zimelala kidogo.

Hati ilitoka. Mwaka uliofuata alikuja mtu anayetaka kujenga nyumba za wageni kando ya ghuba. Alimtaka Jumanne auze shamba. Jumanne alivutiwa, sitaficha. Lakini ofisini aliambiwa sahihi moja haitoshi. Kijakazi akaulizwa, akasema hapana. Mtu yule akaondoka. Sasa minazi inazaa, na Jumanne anapotaka kuuza nazi anauliza kwanza. Majirani walisema kakaliwa. Wakachoka. Watatu kati yao wameshaandikisha wake zao.

Na wewe? Mkeo yuko wapi kwenye karatasi yako? Na wewe mama, dole lako gumba umelitia wapi, na nani alikusomea? Usiseme kesho. Funga ukurasa huu, nenda ofisi ya kijiji chako leo kabla haijafungwa, uombe usomewe orodha. Ukikuta kistari, kaa hapo hapo mpaka wakifute.