Kesho Iliyosemwa Jana

Wenzangu, sogeeni niwasimulie yaliyompata kinyozi mmoja, na msimcheke sana, maana humo kwenye simu zenu nina hakika yumo mwenzake.

Mtaani walimwita Redio. Habari yoyote ikizuka, iwe ya bei za sokoni au ya ndoa iliyovunjika, ilikuwa lazima ipite kwenye kiti chake cha kunyolea kabla ya kufika kwingine. Hakuwa mwongo, wala hakuwa na roho mbaya. Ila kilichomuuma kuliko vyote ni kusikia jambo kutoka kwa mtu mwingine.

Jumatano ile asubuhi palikuwa pametulia kabisa. Jua lilishawaka, bahari imelala, na Redio alikuwa anafagia nywele za mteja wa kwanza. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea pembeni ya chumba hichohicho, alikuwa anatunga uzi. Simu ya Redio ilikuwa imezimika chaji tangu jana yake mchana. Alipoiwasha tu, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mteja wake mmoja. Ilikuwa sauti ya bwana wa hali ya hewa, nzito, ya kuaminika: "Kimbunga kitafika ufukweni kesho, kuanzia saa tisa alasiri. Wanaokaa kando ya bahari wahame kabla ya adhuhuri."

Redio aliuacha ufagio hapohapo. Akausambaza ujumbe kwa kila ambaye namba yake alikuwa nayo, watu mia mbili kumi na wawili, na chini akaandika: "Ni kesho, jamani. Msiseme hamkuambiwa."

"Kesho ya lini?" mkewe akauliza bila kuinua macho.

"Kesho ni kesho. Kwani ziko ngapi?"

"Nauliza huyo bwana aliyasema hayo lini."

"Umeingia sasa hivi, mama watoto. Wewe shona."

Mnaona wenyewe. Mwanamke aliuliza swali la mtu mwenye akili, akarudishwa kwenye sindano yake kama mtoto.

Muda si mrefu dada mkubwa wa Redio akapiga simu. Dada huyu alifua nguo katika hoteli iliyo ng'ambo ya daraja, na ndiye aliyeishi na mama yao. Mama alikuwa mzee, miguu haimsaidii tena, na nyumba yao ilikuwa chini kabisa, hatua hamsini kutoka majini.

"Mdogo wangu, huku majirani wanafunga mizigo. Wanasema ni leo. Nataka niombe ruhusa kazini nimtoe mama."

"Nani kasema leo? Mimi ninayo sauti ya bwana hali ya hewa mwenyewe, si nimekutumia? Nenda kazini, usije ukafukuzwa bure. Kesho asubuhi nakuja mwenyewe kumbeba mama."

"Una hakika?"

"Dada, lini nimewahi kukupa habari ya uongo?"

Kweli, hakuwahi. Basi dada akafungua mabegi, akamwekea mama chai kwenye chupa na simu ndogo ya nyumbani, nayo ilikuwa imepokea ujumbe wa Redio, karibu na mto wa kulalia, akafunga mlango kwa kufuli la nje kama kila siku ya kazi, maana wezi hawakosekani, akaondoka na ufunguo.

Saa saba mchana upepo ukaanza kupigapiga mlango wa kinyozi. Gari la vipaza sauti likapita likiwahimiza watu wahame leo hii. Redio akatikisa kichwa. "Hao wamechanganya siku," akasema, na ili kuwathibitishia wateja akawafungulia ile sauti wajisikilizie.

Kitini alikuwa dereva wa lori, povu kidevuni, upande mmoja bado haujanyolewa. Akageuza shingo polepole.

"Hiyo niliisikia jana," akasema. "Nilikuwa nakula chakula cha jioni. Kwa hiyo kesho yake ndiyo leo."

Redio aliweka wembe chini. Akampigia dada yake. Dada alikuwa analia: daraja limefungwa, hawamruhusu kuvuka, na ufunguo anao yeye. Redio akamtupia mkewe simu. "Wapigie wote," akamwambia. "Mmoja mmoja. Waambie ni leo." Mkewe aliweka sindano chini. Akavuta kiti akaanza na namba ya kwanza.

Dereva alimchukua Redio kwa lori, povu likiwa bado kidevuni, mpaka magurudumu yalipoanza kuzama. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu na nyundo mkononi, mvua ikimpiga ubavuni, maji yakimfika magotini, kisha kiunoni. Mtaa ulikuwa mtupu. Aligonga kufuli mara sita, saba, vidole vikachubuka, likavunjika.

Mama alikuwa ameketi juu ya kitanda, maji yamelowesha godoro, kitenge amejifunga mpaka mabegani. Alipomwona mwanawe uso ukamchanua.

"Umekuja leo? Dada yako aliniambia kesho. Hata sijajiandaa, baba."

Redio aliinama kando ya kitanda. Alimbeba mgongoni, akamtoa.

Katika shule ya mlimani, walikokimbilia watu, walipokuwa wamefunikwa blanketi, mama akakumbuka jambo. "Na yule fundi viatu jirani yetu, umemwona? Asubuhi alikuwa anafunga mizigo. Nikamfungulia ile sauti uliyotutumia, dirishani, akafurahi, akarudisha vitu ndani. Akasema, kama ni Redio basi nina siku nzima."

Mkewe Redio alikuwa ameshafika, na simu ilikuwa bado mkononi. Watu mia mbili kumi na wawili, alikuwa amewapata karibu wote, na wale ambao hawakupokea walionekana mmoja mmoja wakiingia pale shuleni, wamelowa lakini wazima. Fundi viatu hakuwemo kwenye orodha. Hakuwa na simu.

Walimpata kesho yake asubuhi, maji yalipopungua, chini ya paa la kibanda chake. Redio alisaidia kumbeba. Mjane wa fundi alimshika Redio mkono mbele za watu, akamwambia, "Hukukusudia." Afadhali angemtukana. Redio alilia siku ile kama hajawahi kulia tangu azaliwe, na mama yake, aliyekuwa hai, akamfunika kwa kitenge chake.

Funzo

Ndugu zangu, kabla hujapitisha habari ya hatari, jua nani aliisema, na aliisema siku gani. Ukiiandika, taja siku kwa jina lake na tarehe yake, maana "leo" na "kesho" hubadilika kila jua linapochomoza. Akikuuliza mtu, hata awe mkeo, usimwone anakudharau. Mjibu, na kama hujui, sema hujui. Ukikosea, rudi haraka ukasahihishe. Lakini jueni na hili: unaweza kuwarudia wote uliowatumia wewe, na bado usimfikie yule aliyeambiwa dirishani na mtu aliyekuamini.