Simu Iliyobisha Hodi

Sogeeni, watoto! Huyu hapa ni Tunu, na leo Tunu ana siri.

Shule zimefungwa. Tunu amefuatana na Mama kazini, kule zahanatini. Amekaa chini ya meza, amepakata mkoba wake.

Ndani ya mkoba mna nini? Shhh! Mna simu ya zamani ya Mama. Ina mchezo wa bata. Mama alisema, "Iache kabatini, mwanangu." Tunu hakuiacha.

Mama aliandika majina ya watoto wachanga kwenye kompyuta. Ta-ta-ta, ta-ta-ta!

Chini ya meza, Tunu akaiwasha simu. Amwone bata kidogo tu.

*Kacha! Kompyuta imefungwa.*
*Mama haingii.*

"He! Imekuwaje tena?" Mama akashangaa.

Akaja Fundi Kombo wa kompyuta. Akaifungua. Ta-ta-ta, kazi ikaendelea.

Tunu akamchungulia bata tena.

*Kacha! Kompyuta imefungwa.*
*Mama haingii.*

"Mama Tunu, umesahau neno lako la siri?" akauliza Fundi Kombo.

"Jamani, sijasahau! Nimelibadilisha juzi tu!"

Watoto wachanga wakalia, nyaa, nyaa! Mama zao waliokuwa wakisubiri wakacheka. "Kichwa kimechoka hicho!"

Mama akainamisha uso. Maskini, aliona haya.

Fundi Kombo akaitazama kompyuta, akakuna kichwa.

"Hajasahau," akasema. "Kuna kitu kinabisha hodi kwa neno la zamani. Hodi! Hodi! Hodi! Mlango wa kompyuta haulitaki neno hilo, basi unajifunga. Una simu ya zamani yenye neno hilo, Mama Tunu?"

"Ninayo. Lakini iko nyumbani, kabatini."

Lo! Masikio ya Tunu yaliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke aingie. Mama amechekwa, na kosa si lake.

Tunu angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini aliuona uso wa Mama.

Akatoka chini ya meza, polepole.

"Mama... haiko kabatini."

Akaitoa simu. Mama akaiangalia.

"Tunu!" akasema. Basi, hilo tu. Tunu akaona aibu mpaka machozi yakamtoka.

Akawageukia wale waliocheka. "Mama hakusahau. Ni mimi."

Mmoja wao akasema, "Pole, Mama Tunu. Tumekucheka bure."

Fundi Kombo akalifuta neno la zamani kwenye simu. Pip! Kompyuta ikafunguka, na haikujifunga tena.

Usiku Tunu alijilaza. Usingizi ukakataa. Aibu ilikuwa bado imemkaa kifuani.

Akaenda mlangoni kwa Mama.

"Hodi?" Kimya.

"Hodi?" Kimya. Je, na mlango huu umefungwa?

"Hodi, Mama? Nisamehe."

"Karibu," ikasema sauti ya Mama. "Karibu, mwanangu."

Mlango ukafunguka, nyiii. Mama akasogea kitandani, na Tunu akaingia.